Mlango Nyuma ya Kiti

Nengo, Gisenyi
22 Februari 1999

Shangazi yangu mpenzi Donatille,

Nimeolewa! Nimeliandika neno hilo mara kadhaa kwenye karatasi ya pembeni kabla ya kuanza barua hii, nilione tu linavyokaa kwa mwandiko wangu, na kila mara limenipendeza zaidi. Harusi ilikuwa Jumamosi tarehe kumi na tatu. Padri alisema tukiikosa siku hiyo Kwaresima itatukuta, tungoje mpaka Pasaka ipite, na Karenzi akajibu kwamba yeye hawezi kungoja mpaka Pasaka ipite. Alisema hivyo mbele ya padri, Shangazi! Nilitamani ardhi inimeze, kisha nikatamani aseme tena.

Najua barua ya mwaliko ilikufikia sisi tumeshavua nguo za harusi. Nisamehe. Phocas wa lori aliisahau chini ya kiti chake. Baba mdogo wa Kigali alisimama mahali pako, lakini alipokuwa akinipa nasaha nilikuwa nasikia sauti yako.

Sasa nikueleze mume wangu. Anaitwa Wenceslas Karenzi, ni mrefu, na ana mikono ambayo ukiiona utadhani ni ya mpiga makasia, ikikugusa utadhani ni ya mtu anayeokota mayai. Ni daktari wa uti wa mgongo. Kifaransa chake ni chiropracteur. Mtaani wanamwita mwunga mifupa wa Durban, naye hakasiriki. Hana sindano wala vidonge. Ana mikono yake na kiti kimoja cha mbao. Alikuja pia na kitanda cha kukunja chenye tundu la kuwekea uso, ili mtu akilala kifudifudi aweze kupumua. Mpakani walikikunja na kukikunjua wakiuliza tundu hilo ni la nini. Na wagonjwa je? Hakuna hata mmoja aliyekubali kutia uso wake humo huku kisogo amemwachia mtu aliyesimama. Karenzi hakubishana nao. Alikitoa uani, na sasa mama mkwe anaanikia maharage juu yake.

Nyumba yetu iko juu kidogo ya ziwa. Chumba cha mbele ndicho cha kazi. Chetu kiko nyuma yake, ukuta wa mbao katikati, na mlango mmoja. Mimi huko mbele sijafika, maana sitoki. Mama mkwe wangu, Mama Mukamana, ananifundisha mila kana kwamba sikulelewa na wewe: bibi harusi hawashi jiko, hachoti maji, haonekani barabarani mpaka watu wa kwao waje na vikapu na pombe, wamtoe ndani kwa nyimbo. Gutwikurura. Na kwa kuwa Kwaresima haina sherehe, nakaa ndani nikingoja Pasaka, nikikungoja wewe. Nani mwingine wa kunitoa? Wewe ndiye mama niliyebaki naye.

Njoo, Shangazi. Nakuona ukiingia na kikapu kichwani, ukimkagua Karenzi kuanzia viatuni kama mbuzi wa mnadani, halafu ukitabasamu.

Mimi wako, mwenye furaha mpaka aibu,
Teta


Kayanga, Karagwe
6 Machi 1999

Teta,

Mikono ya mume wako umeipamba vizuri, ila ukoo wake hukuutaja hata kwa neno moja. Nimesoma barua mara mbili nikidhani karatasi nyingine imeanguka njiani.

Kutabasamu nitatabasamu nikiona sababu. Kwanza nina maswali. Daktari gani huyo asiye na dawa? Mtu aliyefika Durban, akasoma Durban, akala mkate wa Durban, kisha anarudi Gisenyi kukaa na kiti kimoja, amekimbia nini? Nani wa kwetu alimwona huko? Na kwa nini harusi iliswagwa haraka kama ng'ombe wa wizi?

Phocas alipita hapa. Anasema alikwenda kwa mume wako, shingo imekaza kwa sababu ya usukani. Akakalishwa, akaulizwa habari za watoto wake, na kabla hajamaliza kuwataja kichwa kikageuzwa, akasikia "ka!" kama muwa unaovunjwa. Akatimua mbio mpaka kwenye lori. Nikamuuliza, "Na shingo?" Akasema, "Shingo imepona, mama. Lakini kwa yule sirudi. Mtu anayejua kufanya vile shingoni mwa mtu, alijifunzia kwa nani?"

Wewe ulizaliwa huku, unacheka. Katika nchi hiyo unakoishi sasa, swali la Phocas si la mzaha.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi cherehani. Alipima wanawake mchana kutwa na mimi sikusema kitu, ila nilijua vizuri ni nani aliyepimwa mara mbili kwa gauni moja. Kazi ya mikono ina macho yake. Basi nieleze: huyo mtu ni wa nani, amejifunza wapi, na wanawake wanaoingia chumba hicho anawafanya nini. Kikapu changu hakiendi kumtoa mtu katika nyumba ambayo mwenyewe simjui.

Shangazi yako,
Donatille


Nengo, Gisenyi
17 Machi 1999

Shangazi mpenzi,

Nimemcheka Phocas mpaka mama mkwe akagonga ukuta. Mwongo mkubwa! Nilikuwa nyuma ya mbao nikisikia kila neno. Karenzi alimwambia, "Sasa nataka kuweka mkono chini ya kisogo. Niuweke?" Phocas akajibu, "Weka, daktari, mimi ni dereva, siogopi kitu." Habari za watoto alizianza mwenyewe. Na ule mlio si mfupa. Ni hewa kidogo inayotoka kwenye kiungo kilichokaza, kama unapovuta vidole baada ya kupalilia. Niliuliza, nikaelezwa, nikaonyeshwa kwenye vidole vyangu mwenyewe, kimoja baada ya kingine. Hapo nanyamaza, Shangazi.

Ukoo wake ni huu. Wazazi wake walikimbilia Goma wakati ule ninyi mlipokimbilia Karagwe, naye alizaliwa huko. Ujanani alibeba magunia bandarini mpaka mgongo ukamfunga, akawa anatembea ameinama kama anayetafuta sindano iliyoanguka. Bruda mmoja aliyekuwa mwalimu wake akampeleka kwa mgeni aliyekuwa akipita Goma, mtaalamu wa migongo. Karenzi aliingia ameinama, akatoka wima. Anasema, "Nilimfuata yule mgeni barabarani kama mbwa, nikimuuliza, hii inasomewa wapi?" Bruda akaandika barua miaka miwili, na mwishowe chuo kimoja cha Durban kikakubali. Alisoma miaka sita. Alideki korido za watu na kukariri mifupa kama sisi tulivyokariri katekisimu. Baadaye akapata kazi nzuri katika kliniki yenye zulia. Hakukimbia kitu, Shangazi. Mama yake alirudi Rwanda mwaka wa tisini na tano, akamwandikia, "Rudi. Huku watu wote wanatembea vibaya."

Na anavyofanya kazi! Kwanza anamtazama mtu tangu langoni anavyotembea. Anauliza: unabeba nini, kwa upande gani, mtoto unampakata nyonga ipi? Kisha anauliza, "Ungependa kukaa ukitazama wapi?" Nilidhani ni adabu tu za kizungu. Akaniambia wengi hapa hawawezi kukaa mlango ukiwa nyuma yao, na mgongo unaoogopa haufunguki hata ukiupiga nyundo. Kila mkono anautangaza kabla ya kuuweka. Mwenye ugonjwa usio wake hamgusi, anampeleka hospitali. Na vicheko, Shangazi! Jana alikuja Jado, mbeba mizigo wa Petite Barrière, kivuko cha mpakani kuelekea Goma. Mgongo ukalia, akapiga yowe:

"Ayiwee! Docteur, umenivunja!"

"Nimekufungua."

"Basi funga tena! Nikienda wima hivi, bibi yangu atasema huyu ni mwanaume mwingine."

"Atafurahi."

"Hiyo ndiyo naogopa!"

Basi ndivyo siku zinavyokwenda. Mgonjwa mmoja tu ndiye nisiyemwelewa, nakutajia kwa kuwa umeuliza habari za wanawake. Huja Alhamisi, peke yake, wakati wengine wameambiwa wasije. Kwake hakuna mlio, hakuna kicheko. Namsikia Karenzi akiuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Niuweke?" na mwanamke anajibu, "Bado." Kimya kirefu. "Nisogee?" "Bado." Kisha anaondoka. Nilipomuuliza, Karenzi akasema ni mgonjwa wa shingo, akaniuliza kama nimeona jinsi ziwa lilivyokuwa la kijani leo. Bila shaka ni mgonjwa wa shingo.

Tazama, nimekujibu yote. Sasa sema unakuja.

Teta wako


Kayanga
27 Machi 1999

Teta,

Umenieleza wagonjwa wengi wenye kelele na mmoja mwenye kimya. Wenye kelele wote nakuachia. Nashika huyo mmoja.

Shingo isiyoguswa inatibiwaje? Hata mimi niliyeishia darasa la nne najua kwamba jembe haliponi kwa kuangaliwa. Na mume anayeulizwa habari za mwanamke akajibu habari za ziwa, huyo si mgeni kwangu. Niliishi naye miaka kumi na tisa, tofauti ni kwamba wangu alijibu habari za mvua.

Sisemi ni mbaya. Nasema sijui, na mtu akiwa hajui anasikiliza. Umefungiwa ndani, sawa, mila ni mila. Lakini masikio hayakufungiwa. Sikiliza huo ukuta vizuri, na uniandikie unachokisikia, bila kukipaka asali.

Mpaka hapo kikapu changu kipo juu ya kabati.

Donatille


Nengo
9 Aprili 1999

Shangazi,

Pasaka imepita na hujaja. Sasa ni wiki ya maombolezo ya waliouawa mwaka wa tisini na nne, hakuna muziki redioni, hakuna anayethubutu kutaja sherehe. Mama mkwe anakaa kimya uani. Karenzi hafanyi kazi. Chumba cha mbele kimefungwa, na mimi nimebaki na yale niliyoyasikia kabla ya wiki hii.

Uliniambia nisikilize, nikasikiliza. Nimekuwa nikikaa sakafuni, sikio kwenye mbao, kama mwizi katika nyumba yangu. Alhamisi iliyopita mwanamke alisema, "Umenichoka." Karenzi akasema, "Nimekungoja tangu Novemba. Nitangoja tena." Tangu Novemba, Shangazi! Mimi Novemba alikuwa bado hajaniposa.

Kuna jambo jingine. Sambaza tunazokula kila wiki, wale samaki wadogo wa ziwani, ni yule mwanamke anayezileta. Mama mkwe aliropoka: "Za leo Mukamusoni amezikausha vizuri." Kumbe ana jina, na mimi ninamla mezani kwangu.

Nikamuuliza Karenzi waziwazi, "Mukamusoni ana nini?"

"Shingo."

"Shingo gani hiyo inayongojwa tangu Novemba?"

Akaweka kijiko chini. "Ya mgonjwa hayatoki chumbani, Teta. Hata kuja kwako."

Hajawahi kusema nami kwa sauti ile. Baadaye alinishika mkono na mkono wake ulikuwa uleule, wa kuokota mayai, na mimi nikawaza: kwake pia ni hivi?

Bado nampenda. Nimeandika neno hilo ili nilione kwa mwandiko wangu.

Teta


Kayanga
15 Aprili 1999

Mwanangu,

Phocas anaondoka kesho, nimemwambia barua hii aivae kabisa kifuani, isikae chini ya kiti.

Nilijua. Usilie. Niambie tu: huo mlango katikati, kitasa kiko upande wako? Kama kiko upande wako, ni mlango wako. Mke habishi hodi ndani ya nyumba yake. Mila imekuzuia barabara, haikukuzuia chumba cha mume wako.

Maadamu anaambiwa "bado", kaa. Siku utakayosikia mwanamke huyo anakubali, usikae sakafuni. Fungua, uone kwa macho. Bora uone mara moja kuliko kusikiliza maisha yako yote.

Donatille


Nengo
23 Aprili 1999

Shangazi,

Nimefungua.

Jana ilikuwa Alhamisi. Barua yako nilikuwa nayo kwenye kanga. Nilimsikia akiingia, kiti kikavutwa. Karenzi akauliza, "Niuweke?" Jogoo wa jirani akawika, akawika tena. Kisha mwanamke akasema, taratibu kabisa:

"Weka."

Nikasukuma mlango kwa nguvu zangu zote ukapiga ukutani.

Nilichokiona ni hiki. Mwanamke wa makamo, mwenye kitambaa cha kichwa cha bluu, amekaa ameelekea mlango wa barabarani, na mgongo wake kwangu. Karenzi amesimama mbele yake, mbele, si nyuma, mbali kiasi cha mtu kunyoosha mkono, na mkono wake ulikuwa hewani, haujafika popote. Ni hayo tu. Hakuna kingine, Shangazi. Hata kifungo kimoja hakikuwa kimefunguliwa.

Mwanamke hakugeuka kunitazama. Aliposikia mlango nyuma yake alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu, akaanguka na kiti, akajikunja, mikono yote miwili nyuma ya shingo yake. Kisha akainuka akatoka mbio barabarani bila viatu. Kwenye shingo, mikono ilipoachia, niliona kovu. Sikuulizi uniambie ni la nini. Hapa hakuna anayeuliza.

Nilimngoja Karenzi anipigie makelele. Aliinua kiti, akakaa yeye, akatazama mikono yake.

"La Mukamusoni siwezi kukuambia," akasema. "Nitakuambia lako tu. Alipoanza kuja hakukaa. Alisimama mlangoni, akaondoka. Wiki nyingi hivyo. Hakuweza kukaa kwa sababu ya huo mlango nyuma ya kiti; akitazama mlango huu, anaogopa barabara, akitazama barabara, anaogopa mlango huu. Tulipooana nikamwambia, huko nyuma sasa kuna bibi harusi. Akaniuliza, 'Wa kweli? Mwenye kufuata mila?' Nikasema wa kweli, hatoki mpaka watu wake waje na nyimbo, na wakija utawasikia tangu barabarani. Siku hiyo akakaa. Kwa ajili yako, Teta. Wewe ndiye uliyekuwa mgongo wake."

Nikageuka kutazama nje. Majirani walikuwa wamejaa langoni, wananiona, bibi harusi niliyejitoa mwenyewe. Mama mkwe akafunika mdomo kwa mkono. Tangu jana hanisemeshi ila jambo moja: "Aliyejitoa mwenyewe hajatolewa. Na ndani hayupo tena. Sasa sijui nikuweke wapi."

Viatu vyake viko hapa, vya plastiki, kimoja kimeshonwa kwa waya. Kesho navipeleka. Nimeshaonekana, barabara haiwezi kunifanya kitu zaidi.

Usiniandikie kwa sasa, Shangazi. Nikisoma maneno yako nayatii.

Teta


Gisenyi, tarehe 10 mwezi wa tano 1999

Mama Donatille,

We hunijue. Mi naitwa Mukamusoni, nauzishaka sambaza karibu na Petite Barrière. Kiswahili yangu ni ya Goma, utanisamehe, Teta anasema yako ni ya shule. Yeye alinipatia adresi lakini hakunituma. Naandika mi mwenyewe.

Mi njo ule muke wa siku ya ine, ile munaita Alhamisi.

Siku mulango ilifunguka nilikimbia mpaka ku ziwa. Nikasema, basi, kule sitarudia. Nyuma ya siku mbili, siku ya posho, naona mutoto wa watu anakuja katikati ya samaki yetu, amevaa pagne mupya ya bibi-arusi, amekamata viatu vyangu mu mukono. Wenzangu wakaanza: "Eh, bibi-arusi! Bwana amekushinda mapema hivi? Unakuja kuolewa na sambaza?" Hakuwajibu. Alisimama mbali, akaniuliza: "Nisogee?" Nikamuambia hapana. Akabaki palepale, mu jua. Nikauzisha, nikauzisha, nikiangalia, iko. Nikasema mu roho yangu, huyu atakauka kama bidhaa yangu, halafu nani atamununua? Nikamuita: "Leta viatu." Akaleta, akaweka chini, akarudi nafasi yake.

Akakuja vile siku na siku. Kila siku anauliza, kila siku anasogea kidogo. Mi nilikuwa namuangalia kama mutu anaangalia nyoka. Halafu nikazoea. Siku moja hakukuja saa yake, nikaona niko namutafuta na macho.

Wanawake wakaniambia kwa mama-mukwe analala kama mugeni. Haiko wa ndani, haiko wa inje. Kupika bado, watu ya kwao bado. Donc basi, nikafikiri. Mi sina watu tena. Yeye iko na watu, lakini hawafike. Jana, dimanche, siku ya kanisa, nikavaa muzuri, nikatwika kitunga ya sambaza, wenzangu watatu nyuma na pombe, tukaimba tangu barabara, tukapiga hodi.

Mama Mukamana akatoka. "Munatafuta nani?"

"Tumekuja kutoa mutoto wetu."

"Wenu? We ni nani ya Teta?"

"Mi ni shangazi."

Akaniangalia tangu viatu mpaka kitambaa. "Shangazi yake iko Tanzania."

Nikamuambia: "Ule wa mbali iko Tanzania. Ule wa karibu njo mi."

Yule mama analiaka vibaya, kama mbuzi. Alilia, akafungua mulango. Tumemutoa muzuri, tumekula, Teta amewasha moto.

Nimekamata nafasi yako bila kukuomba. Kama unakasirika, nikasirikie mi, usimukasirikie mutoto.

Mukamusoni


Kayanga
21 Mei 1999

Bibi Mukamusoni,

Nimekasirika. Nakwambia kwanza ili tusidanganyane. Nililea mtoto yule tangu mama yake alipofariki, nikamsomesha mpaka kidato cha nne, na anatolewa ndani na mwanamke ambaye nilikuwa nikimtaja kwa ubaya hata kabla sijalijua jina lake. Barua ya kwanza niliyokuandikia nimeichana.

Ni mimi niliyemwambia afungue mlango. Teta hakukwambia, namjua, hawasemi watu wake. Nilishuku kwa kalamu nikiwa nimekaa salama huku, na mlango ukakuangukia wewe. Kovu lako sikuulizi. Nakuomba radhi.

Hata sasa nakushuku kidogo. Mtu anayebeba kikapu kwa mwali asiye wake, anataka nini? Lakini usijali, mimi namshuku hata padri. Ndiyo afya yangu.

Nina swali moja, na sina mwingine wa kumuuliza. Teta akiniandikia habari za mumewe ni asali tupu, na asali siiamini. Phocas ni mwoga. Wewe una sababu ya kumwogopa kila mtu duniani, kwa hiyo nitakuamini wewe: Karenzi ni mtu wa namna gani? Ukisema nije, napanda basi. Ukinyamaza, nitakuwa nimejibiwa.

Donatille


Gisenyi, siku ya ine, tarehe 3 mwezi wa sita 1999

Mama Donatille,

Unaniuliza bwana ya Teta ni mutu gani. Mi watu siwajue tena. Nitakuambia ya leo tu.

Kiti iko palepale. Ule mulango iko nyuma yangu, wazi. Mi njo nilisema waache wazi. Teta iko ndani anaosha sahani, anaimba vibaya, namusikia. Karenzi akasimama mbele yangu, akauliza: "Niuweke?" Nikasema: "Weka." Akauliza tena, juu ile siku nilisema weka na ikaharibika. Nikamuambia: "Weka, docteur, ama unataka nikupigie sahihi?"

Akaweka mukono ku shingo. Iko moto. Hakugeuza kitu, hakuvunja kitu, aliacha tu pale.

Nikalala usingizi, Mama. Mi. Muchana, mulango wazi, mutu nyuma yangu, nikalala. Niliamka jua imehamia upande ingine. Yeye angali amesimama, mukono ungali pale, na inje wagonjwa wananung'unika. Jado alikuwa anauliza watu: "Sasa huyu ni docteur ama ni muto ya kulalia?"

Panda bisi.

Mukamusoni, shangazi mwenzako